Tumzike mtu vizuri, lakini tusizike na nyumba yake

Maneno haya yalisomwa na komite mbele ya wanachama, kwenye mkutano wa mwezi hapa Baraka. Tunayachapa kwa ajili ya wale hawakufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.



Leo hatukuleta habari ya mbegu wala ya mikopo. Tumeleta habari ya kuzikana. Tunajua ni neno zito, na wengine walishatuambia mlangoni: "Komite, leo munataka kutuletea mikosi." Hapana. Mikosi ilishakuja, ndiyo sababu tunazungumza.

Mnamkumbuka mwanachama wetu mvuvi, yule tulimzika wakati wa mvua iliyopita. Bibi yake alitukubalia tuseme habari yake bila kutaja jina. Yule baba aliugua siku 9 hospitalini. Alipokufa kulikuwa deni. Maiti ikakaa siku 4 kwenye chumba cha maiti, familia inatafuta franga, na kila siku deni linapanda. Kisha matanga ikakaa siku 11. Watu walikula, wakanywa, wakaimba usiku mpaka asubuhi. Siku ya 12 kila mtu akaenda kwake. Mama akabaki na watoto 5. Mtumbwi umeuzwa. Nyavu zimeuzwa. Mwenye duka anadai mchele na mafuta. Mtoto mkubwa ameacha shule. Na msaada wa chama, ule tulitoa kwa moyo wote, ulipita wote kwenye sufuria.

Tusimtafute mwenye makosa mbali. Tulikuwa pale. Tulikula.

Kisha pale tuliomba kila kikundi kituletee maswali juu ya mazishi. Yalikuja mengi, mengine yameandikwa kwenye karatasi ya daftari, mengine yamesemwa njiani tukienda sokoni. Leo tunajibu yale yaliyorudia mara nyingi.

Swali la kwanza: Kusema mambo ya kufa mapema, si ni kukiita kifo?

Wazee walituuliza hili kwa heshima, na sisi tunajibu kwa heshima. Mwaka wa 1996, vita ilipokaribia, kila mama wa Fizi alikuwa na furushi lake nyuma ya mlango: sufuria moja, kitenge, chumvi, karatasi za ubatizo. Je, lile furushi ndilo lililoleta vita? Vita ilikuja yenyewe. Lakini mwenye furushi alivuka ziwa na kitu mkononi, na asiye nalo alifika Kigoma mikono mitupu.

Kusema mapema ni lile furushi. Tunaomba kila mtu mzima aseme mambo 4 mbele ya watu wawili anaowaamini, na yaandikwe:

Moja, anataka azikwe wapi, na kwa ibada gani. Mbili, nani atakata neno siku ile, maana wajomba na mashemeji wakiwa 10 na kila mmoja ni mkubwa, maiti ndiyo inangoja. Tatu, anadai nani na nani anamdai. Nne, matanga yake iwe ya siku ngapi.

Hili la nne ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mjane hawezi kusema "matanga imetosha", ataitwa mchoyo, au watasema alimuua bwana wake. Lakini marehemu mwenyewe akiwa alisema "siku 3", nani atambishia?

Swali la pili: Karatasi gani zinatakiwa?

Wengi wetu tunazika kwanza, karatasi tunaziwaza mwaka unaofuata. Tubadilishe. Mtu akifia hospitalini au kituo cha afya, muombe munganga aandike cheti cha kifo kabla hamjatoka pale. Akifia nyumbani, mpelekeeni habari shefu wa kartye siku ileile, pamoja na mashahidi. Kisha mtu mmoja wa familia aende kwenye biro ya leta inayoandika vizazi, ndoa na vifo, aandikishe kifo na apewe akti ya kifo. Msingoje. Ukichelewa sana, njia inakuwa ndefu na ya gharama.

Mtauliza: akti ya kifo itafanya nini, mtu si ameshakufa? Itawafanyia kazi walio hai. Mjane akiambiwa shamba si lake, ataonyesha hiyo. Yatima akitafutiwa msaada wa shule, wataomba hiyo. Ndugu aliye Marekani au Kanada akijaza karatasi za familia, wataomba hiyo. Sisi tuliokaa kambini tunajua vizuri: asiye na karatasi anahesabiwa kama hayupo.

Hapa tuongeze neno juu ya mali. Kanuni ya Familia ya inchi yetu, ile ya mwaka wa 1987 iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inasema watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na sehemu yao ni robo 3. Robo inayobaki ndiyo ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na bwana wake. Kwa hiyo yule anayekuja kwenye kilio na kamba ya kufunga mbuzi za marehemu, ajue anawaibia watoto.

Swali la tatu: Hospitali imeshika maiti sababu ya deni. Tufanye nini?

Swali hili lilikuja na machozi. Tusijifiche, jambo hili lipo, na lilitukuta wengine wetu.

Jibu la kwanza ni kuanza kabla ya kifo. Mgonjwa akilazwa, familia iambie kiongozi wa kikundi siku ileile. Mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza deni kila jioni na kuliandika. Deni linalojulikana kila siku halitishi kama lile linalotolewa lote asubuhi moja, mkiwa mnalia.

Kifo kikitokea na deni lipo, wawili wa komite wataenda na familia kuzungumza na wakubwa wa hospitali. Hatutaenda kupigana wala kuiba maiti usiku. Tutaomba kuandika hati ya kukubali deni: kiasi gani, kitalipwa kwa miezi mingapi, nani amesaini. Chama kitasimama kama shahidi. Mara nyingi wakubwa wanakubali wakiona watu wanaojulikana na karatasi yenye muhuri.

Na tukumbuke kwamba kila siku maiti inayokaa kwenye chumba inaongeza deni. Kama shangazi wa Bukavu hawezi kufika mpaka Jumamosi, tumpigie simu tumuombe ruhusa. Atakuja kulia kwenye kaburi. Kaburi halitaondoka.

Swali la nne: Tuzike kwenye kiwanja chetu au kwenye makaburi ya wote?

Hapa tuseme ukweli wetu sisi warudi. Tulipoanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma, mwaka wa 2005 na miaka iliyofuata, wengi tulikuta mtu mwingine amejenga kwenye kiwanja chetu. Kesi zingine bado hazijaisha. Na mnajua desturi: penye kaburi la baba, hapo ni pa mtoto. Kwa hiyo wengine wanazika mtu wao usiku kwenye kiwanja chenye kesi, ili kaburi liwe shahidi wao.

Chama hakitatoa hata msumari mmoja kwa mazishi ya namna hiyo. Marehemu si kigingi cha mpaka. Tumeona namna ugomvi wa makaburi unavyochukua watoto ambao hata hawakuanza kesi. Kama kiwanja kina kesi, tuzike kwenye makaburi ya wote, na kesi iendelee kwa shefu na kwa tribinali.

Kama kiwanja hakina kesi na wenye mamlaka wanakubali, basi tuangalie maji. Sisi tunakaa kando ya ziwa, ukichimba kidogo tu maji yanatoka. Kaburi liwe mbali na kisima au chemchemi, isipungue metre 30, na tusichimbe mpaka tukafikia maji. Chagueni mahali pa juu. Mvua ya kwetu haina huruma.

Swali la tano: Kwa nini wanatukataza kuosha maiti wetu?

Swali hili liliulizwa kwa hasira. Mama mmoja alisema: "Mutoto wangu nilimuzaa, nilimuosha siku ya kwanza, munanikataza kumuosha siku ya mwisho?" Mama, tulikusikia.

Lakini kuna magonjwa yanayobaki kwenye mwili hata baada ya pumzi kuisha. Kipindupindu kwetu si mgeni, kinarudi karibu kila mwaka. Na mnajua Ebola ile ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kutoka mwaka wa 2018 mpaka 2020, ilivyoua watu zaidi ya 2,200. Wengi waliipata kwenye mazishi, kwa kuosha na kukumbatia.

Kwa hiyo waganga wakisema kifo hiki ni cha ugonjwa wa kuambukiza, tuwaachie wao kazi ya mwili, lakini sisi tuna haki ya kuomba mambo haya: mtu wa familia asimame karibu aone; jina liandikwe kwenye kaburi; nguo au kitenge cha marehemu kiwekwe ndani ya sanduku; pasta, padiri au shehe aombe akiwa amesimama mbali kidogo. Mazishi yanaweza kuwa salama na yakabaki na heshima. Na kwa kipindupindu, wale waliogusa mwili wasikaribie sufuria za matanga. Mikono inawe kwa maji na sabuni kabla ya kula, kila mtu, hata mkubwa wa ukoo.

Swali la sita: Tuliacha makaburi Lugufu na Nyarugusu. Tutafanya nini?

Swali hili halikuandikwa na mtu mmoja. Kila kikundi kilileta.

Karibu kila nyumba iliyo hapa ilizika mtu Tanzania. Wengine walizika watoto. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka wa 2009, na mahali palipokuwa na mabulanga yetu pamerudi kuwa pori. Nyarugusu bado ipo, na ndugu zetu wengine bado wako pale.

Tuliulizwa kama chama kinaweza kusaidia kurudisha mifupa. Jibu letu ni hapana, na tunalisema kwa uchungu. Inatakiwa ruhusa za inchi mbili na gharama isiyo ya mtu wa kawaida, na makaburi mengi hatutayatambua tena, maana alama zilikuwa za mti.

Lakini tunaweza kufanya jambo hili. Mwandishi wetu amefungua daftari. Kila familia ije iandikishe jina la mtu wake aliyebaki kule, mwaka kama unajulikana, na kambi. Mara moja kwa mwaka tutasoma majina yote, wakristo wakiomba kwao, waislamu wakiomba kwao, kisha tutanyamaza pamoja. Mzee mmoja alituambia, alipoandikisha majina ya watoto wake wawili, kwamba ni mara ya kwanza mtu kumuuliza waliitwa nani.

Swali la saba: Ndugu yetu amefia Marekani, watoto wake wanataka kuchoma mwili. Tukubali?

Miaka hii swali hili linakuja kwa simu, usiku, maana wengi wa jamaa zetu walichukuliwa kutoka kambini kwenda Marekani, Kanada, Australia na kwingine. Wanazeeka kule, wanakufa kule.

Kwetu kuchoma mwili si desturi. Wengi wanasikia neno lenyewe wanashika kichwa. Lakini kabla ya kumlaani mtoto kwenye simu, tuelewe hali yake. Kule Marekani, leo watu wanaochomwa ni wengi kuliko wanaozikwa. Hesabu ya chama cha wenye nyumba za mazishi cha kule, ya mwaka wa 2023, inaonyesha mazishi ya kawaida yanafika kama dola 8,300, bila hata bei ya mahali pa kaburi. Kuleta mwili mpaka hapa ni kuongeza dawa ya kuuhifadhi, sanduku maalumu, karatasi za inchi zote mbili, ndege, kisha gari na barabara yetu hii mnayoijua. Mtoto anayefanya kazi ya usiku kiwandani anazitoa wapi?

Kwa upande wa dini, tuseme tunachojua. Waislamu hawachomi mwili, hilo halina mjadala. Na misikiti mingi kule inasaidia kuzika haraka na bila makuu, kwa hiyo watoto waende msikitini siku ileile. Wakatoliki, Roma iliwaruhusu tangu mwaka wa 1963, ingawa Kanisa linapenda zaidi kuzika. Na mwaka wa 2016 Roma ilikumbusha kwamba majivu yasimwagwe wala yasiwekwe nyumbani, yazikwe mahali patakatifu. Makanisa yetu mengine, kila moja lina sauti yake. Muulize mchungaji wako kabla hujajibu simu.

Ushauri wa komite ni huu. Kwanza, ndugu zetu walio kule waseme mapema wanataka nini, kwa sauti yao, watume hapa kwa simu tuweke. Pili, njia iliyo katikati ni kuzika kulekule na sisi kufanya matanga hapa, na picha yake mbele yetu. Hiyo si aibu. Tumeifanya mara nyingi. Tatu, kama familia imekubali kuchoma, majivu yanaweza kuletwa na mtu anayesafiri, akiwa na akti ya kifo na cheti cha kuchomwa, baada ya kuuliza kampuni ya ndege. Yakifika, yazikwe kwenye kaburi lenye jina, kama mtu yeyote. Na asiwepo wa kumwambia mjane kwamba bwana wake hakuzikwa.

Nne, na hili tunalisema kwa nguvu: tusiwalazimishe watoto kukopa maelfu ya dola ili sisi tuone sanduku. Mtoto huyohuyo ndiye anayetuma franga za shule za wadogo zake hapa.

Swali la nane: Sasa chama kitatoa nini, na hakitatoa nini?

Mlijadili katika vikundi, na leo asubuhi mmepiga kura kwa kuinua mikono. Tunasoma yaliyokubaliwa.

Chama kitatoa sanduku la mbao za kawaida, linalotengenezwa na mafundi wetu wenyewe, au sanda kwa waislamu. Kitatoa vijana 6 wa kuchimba kaburi, kwa zamu, kama kazi ya salongo. Hawalipwi, wanapewa chakula cha siku ile tu. Kitaazimisha shitingi 2, mabenchi, sufuria kubwa na majembe, na vyote vitarudi kwa hesabu. Kitatoa chakula cha siku 3 za matanga: unga wa muhogo, ndagala, maharage na chai. Atakayetaka kuchinja ng'ombe achinje wa kwake, asimkopee mjane.

Nusu ya franga za msaada haitatolewa siku ya mazishi. Itawekwa, na itapewa mjane au mlezi wa yatima siku ya 40, mkononi mwake, mbele ya mashahidi wawili. Na mwanachama yeyote anayekuja kwenye kilio aje na kitu: kuni, maji, kilo ya unga, au mikono yake. Kwenye kambi ndivyo tulivyozikana. Hatukuwa na kitu, na hakuna aliyeachwa bila kaburi.

Kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali, tunasema aksanti. Mchango wenu wa mwisho ulinunua mbao, misumari, shitingi na sufuria. Hatuwaombi mlipe karamu za vilio. Tunawaomba mtusaidie kwenye ile nusu ya siku ya 40, maana hapo ndipo mtoto anarudi shule au anaacha.

Mtauliza yule mama wa mvuvi anaendeleaje. Deni la hospitali limebaki kidogo. Kikundi chake kimemkopesha mtaji, anauza ndagala sokoni. Kijana wake mkubwa bado hajarudi darasani. Tunatafuta ada ya muhula ujao, na leo kikapu kitapita kwa ajili yake kabla hatujafunga.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kila nyumba ilete ukurasa wake wenye yale mambo 4. Sisi wa komite tumeshaandika yetu, na mmoja wetu, mzee kabisa, ameandika: "Siku 2 zinatosha, na munipike muhogo."

Kikapu kipite.